Namna ya Kumwita Meneja

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu, na natumaini kile kiti chako kidogo cha plastiki cha kazini bado kinakubeba. Sisi huku wazima. Kaka yako mzima, anakula, analala, anatoa amri. Amri ya mwisho unaijua: mimi na wewe tusipigiane simu tena mpaka tujifunze kumaliza dakika tano bila mmoja kumkatia mwenzake. "Andikianeni," kasema, "karatasi haina sauti." Basi nimenunua karatasi. Mama mkwe goti limepoa, sasa nguvu zote zimehamia mdomoni. Cherehani moja ni mbovu, mafundi wangu wawili wanagombea nyingine, na sare za shule zimejaa mpaka chini ya kitanda.

Kilichonikalisha chini ni Meneja. Mwanao huyo ana miaka mitatu na miezi mitano sasa, na neno hana. Ana kidole. Akionyesha kikombe, kikombe kinakuja. Akionyesha mlango, mlango unafunguliwa. Hicho cheo tulimpa kwa mzaha, yeye akakichukua kweli. Juzi nimempeleka chekechea nimwandikishe aanze Septemba. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akamwuliza mpira huu rangi gani. Meneja akauchukua mpira akaondoka nao. Nikaambiwa nimrudishe akishaanza kuongea, mwisho wa Agosti, la sivyo nafasi apewe mwingine. Utadhani maneno yake nimeyasahau nyumbani kabatini.

Mama mkwe ana sababu tatu. Ya kwanza, nimeinamia cherehani mno, mtoto hana wa kuongea naye. Ya pili, kamba ya ulimi ikatwe. Ya tatu, ni ukoo wa kwetu, sisi si watu wa kuongea. Mimi! Kaka yako alicheka mpaka akatoka nje.

Na wewe msomi wetu, unayelipwa kuwafundisha watoto wa wenzio kuongea, ulikaa kwangu Desemba siku kumi na mbili. Ulicheza naye mkekani kila siku. Kisha ukafunga begi siku mbili kabla ya tarehe yako na hukusema lolote. Labda kwako ushauri hutolewa kwa foleni. Basi na mimi nipe namba.

Wifi yako,
Mama Meneja

*

Tarehe 26 Februari

Wifi yangu wa pekee, na mmoja ananitosha,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa, nadhani imekuja kwa miguu. Nashukuru mko salama. Goti la mama limenifurahisha. Mdomo wake sina dawa yake, ingawa midomo ndiyo kazi yangu. Mimi mzima. Wamenihamisha chumba, sasa niko kwenye iliyokuwa stoo ya magodoro. Nina mkeka, kioo, viti vinne vya kufika magotini na dirisha lisilofunguka. Wazazi wakiingia wanatafuta mashine iko wapi. Wakiniona nimekaa chini na chupa ya mapovu ya sabuni, wananiuliza mtaalamu anafika saa ngapi.

Ulimi wa mtoto usiguswe. Anayelamba kijiko mpaka kwenye mpini hana shida ya kamba. Mkasi wako ubaki kwenye vitambaa, na mama mwambie nimesema mimi.

Sasa fanya hivi. Shuka sakafuni, uso wako uwe mbele ya uso wake, aone mdomo unavyokwenda. Acha mitihani. Hii nini, hii rangi gani, ng'ombe analiaje: hata wewe ukiulizwa hivyo kutwa nzima ungechagua kunyamaza. Badala yake sema anachofanya yeye, kwa maneno machache. "Unamwaga. Maji yanamwagika. Yameisha." Halafu funga mdomo na uhesabu moyoni hadi kumi. Najua katika familia hii kunyamaza hadi kumi ni adhabu kubwa, lakini mtoto anahitaji nafasi, na sisi huwa tumekwisha kuijaza.

Halafu mpe sababu ya kukuhitaji. Vitu anavyovipenda viweke kwenye chupa inayoonyesha ndani, yenye kifuniko kigumu, aje akuletee. Mshikie vitu viwili, kimoja kila mkono, karibu na mdomo wako: "Maji? Maziwa?" Akitoa sauti yoyote, au akinyoosha mkono tu, mpe, na neno ulitaje wewe. Usimnyime mpaka alie. Hiki si kituo cha polisi.

Nina mtoto hapa alikaa nami wiki sita bila sauti. Kila siku namsukumia gari la mbao, nasema "moja, mbili, tatu," gari linaondoka. Wiki ya saba nikasema "moja, mbili," nikalishika gari, nikangoja mpaka shingo ikauma. Akasema "ta." Mama yake alilia. Mimi nilijidai natafuta kalamu.

Jambo jingine: mpeleke akapimwe masikio. Ni kawaida tu, hapa hatuanzi na mtoto yeyote kabla ya kipimo hicho.

Kuhusu Desemba, niliitwa kazini.

Shangazi mtu

*

Tarehe 19 Machi

Mheshimiwa mtaalamu,

Shikamoo ya mama mkwe hujaituma, ameniuliza mara mbili, nikamwambia imepotea posta. Kaka yako kanunua viatu vipya vinavyolia kila akikanyaga, na hataki kuambiwa. Fundi wangu mkubwa amechumbiwa na sasa anashona mikono ya mashati kushoto na kulia bila kutofautisha.

Nimefuata maagizo yako yote. Nimeshuka sakafuni. Kupanda ikawa kazi, mafundi wakanivuta. Nimesema anachofanya: "Unafungua. Unavuta. Unavuta uzi. Uzi wote. Uzi wa mteja." Nimehesabu hadi kumi. Nikifika sita yeye amekwisha kupanda juu ya meza ya kukatia. Nimemshikia maji na maziwa. Kachukua vyote viwili, kanywa vyote viwili, kanirudishia vikombe.

Ile chupa yenye kifuniko kigumu aliniletea mara ya kwanza, nikafungua. Mara ya pili akampelekea baba yake. Mara ya tatu akaigonga ukutani, na sasa ninatafuta chupa nyingine. Uongozi anao, wifi, tatizo ni hotuba.

Ila nikuambie kitu kimoja. Jioni moja nilikuwa napuliza mapovu kama unavyofanya wewe kazini, nikaacha, nikangoja. Alinitazama mdomo. Akakunja midomo yake kama yangu, akapuliza hewa. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikuwa yangu kabisa. Sikumwambia mtu.

Masikio niachie. Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Akiwa amenipa mgongo, anachezea vifungo, nikimwita anageuka papo hapo kama askari. Kaka yako namwita mara nne, huyo ndiye wa kupelekwa kupimwa. Sitampandisha mtoto kwenye foleni ya hospitali akachokonolewe kwa sababu shangazi yake ana mazoea ya kazini.

Na hiyo "niliitwa kazini" imenichekesha. Ni wewe mwenyewe uliyeniambia kliniki yenu imefungwa mpaka tarehe nane Januari.

Mama Meneja, mwenye magoti mabovu

*

Tarehe 10 Aprili

Wifi,

Shikamoo ya mama hii hapa, mbili, na ya ziada ya kuweka akiba. Viatu vya kaka viache, siku moja vitamwokoa asigongwe. Mimi nimepata mafua ya watoto wote wa mji huu, nimeyapokea moja moja.

Habari ya mapovu nimeisoma mara tatu. Usiidharau. Kuiga midomo ni hatua, tena kubwa. Endelea hapohapo, na usimwombe aseme kitu. Puliza, acha, ngoja.

Kuhusu masikio sitabishana nawe kwa posta, stempu zitaniishia. Naomba kitu kimoja tu. Chukua siku moja, uandike kila unapomwita: ulikuwa wapi, ulifanya nini wewe, akafanya nini yeye. Usiniandikie "anageuka." Mteja akija kupima suruali huandiki "mnene," unaandika kiuno inchi ngapi. Niandikie hivyo. Mbinu zangu zote ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuangalia vizuri, na mimi siko hapo.

Kliniki ilifungwa, ndiyo. Nilikumbuka vibaya.

Shangazi mtu

*

Tarehe 2 Mei

Wifi mwenye kukumbuka vibaya,

Sote wazima. Mama mkwe amepokea shikamoo zako tatu na anasema zimechelewa. Chukua vipimo vyako hivi, nimeviandika nyuma ya karatasi ya oda, na mafundi wamenicheka siku nzima.

Asubuhi, kitandani. Nimemgusa bega, akaamka.

Chai. Alikuwa mlangoni. Nimepiga mguu, akageuka, nikamwonyesha kikombe, akaja.

Saa nne, chumba cha cherehani. Alikuwa chini ya meza na vifungo. Nimepiga mguu, akatoka.

Saa tano. Alikuwa anaelekea kwenye pasi ya moto. Nimepiga mguu mara mbili na kupiga kelele nyumba nzima ikasimama. Aligeuka.

Mchana. Alikuwa uani anacheza, mama mkwe anamwita aje kula. Hakwenda. Mama mkwe akasema mtoto hana adabu, amefundishwa na mama yake. Nikatoka nikamfuata, nikasimama mbele yake, akaja.

Jioni. Baba yake kaingia na viatu vyake, akamwita kutoka mlangoni. Aligeuka akamkimbilia.

Usiniulize mguu ni nini, unaujua. Ni ile sakafu ya mbao. Mashine zikinguruma zote pamoja humsikii mtu hata akikupigia kelele sikioni, kwa hiyo nyumba nzima tunaitana kwa mguu. Pigo moja, njoo. Mapigo mawili, acha. Mafundi wamezoea, kaka yako amezoea, hata wateja wa siku nyingi wanagonga mguu wakitaka kuhudumiwa. Na faida nyingine ni kwamba mama mkwe naye hasikiki.

Ameitwa mara sita, amekuja mara tano. Umeridhika?

Mama Meneja

*

Tarehe 24 Mei

Wifi yangu,

Nakusalimu, na nawasalimu wote. Leo sina mzaha, nisamehe.

Soma tena vipimo vyako. Kila alipogeuka kuna mbao zilizotikisika chini ya miguu yake, au kuna mkono, au uso wako. Mahali pekee palipokuwa na sauti peke yake ni uani, kwenye saruji, na hapo hakwenda. Haitwi kwa masikio. Anaitwa kwa nyayo. Nyumba nyingine yoyote ingegundua mapema. Kwenu sakafu imemjibia miaka yote hii.

Mpeleke akapimwe, wiki hii ikiwezekana. Usimpime wewe nyumbani kwa kupiga makofi. Nenda kitengo cha masikio cha hospitali kubwa, uwaambie hana neno hata moja na anatazama midomo. Barua ya kuwapa nimeiambatisha, ina mhuri.

Sasa Desemba. Siku ya nane nilikuwa jikoni, kifuniko cha sufuria kikaniponyoka kikagonga vile vigae. Wewe uliruka, mama aliruka. Meneja alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mgongo kwangu, anapanga vijiko. Hakugeuka. Nilikiokota. Baadaye nikapiga makofi nyuma yake, polepole, nikijidai nacheza. Wewe uliniona ukacheka. Siku ya tisa sikulala vizuri, ya kumi na mbili nikafunga begi.

Watoto wa watu nawaandikia ripoti kabla ya saa sita mchana. Wa kaka yangu nilishindwa kusema sentensi moja mezani, kwa sababu mama angekurukia wewe, wewe ungenirukia mimi, na kaka angetoka nje. Nikaona heri uanze wewe kuuliza. Kisha ulipouliza nikakutumia mapovu ya sabuni, na masikio nikayaweka mwishoni kama kitu kidogo. Nimeona aibu, na bado naona.

Wifi yako

*

Tarehe 9 Julai

Wifi,

Natumaini mko wazima. Hapa nahesabu hadi kumi kama ninavyowaagiza watu, na nimefika arobaini na sita.

Sikulaumu. Kama hutaki kuniandikia mimi, andika kwenye karatasi ya oda neno moja tu, umempeleka au hujampeleka, umpe kaka aitie posta. Nimempigia simu kaka. Anasema "mama Meneja atakuandikia mwenyewe," halafu anazungumzia viatu.

Shangazi mtu

*

Tarehe 14 Agosti

Wifi,

Salamu. Wote wazima, pamoja na ile cherehani mbovu, imepona. Fundi wangu mkubwa kaolewa na mikono ya mashati imerudi mahali pake.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nakuandikia kichwani, na kila barua ilikuwa na matusi. Nikaona niyamalize kwanza. Ya mwisho yaliisha juzi.

Nilimpeleka siku tatu baada ya barua yako. Walimvalisha vitu vya masikioni, wakampa ndoo na vibao, akawekewa sauti, atie kibao kila akisikia. Mama aliyempima alikuwa mpole, alishuka sakafuni naye kama wewe. Nilikaa pembeni nikiona mshale wa mashine unavyopanda, na kibao kiko mkononi mwake, hakitiwi. Sauti nene kubwa anazipata kidogo. Za kawaida, kama hii yangu ya kusema nawe, hazimfikii. Sikio la kushoto ni baya zaidi. Pengine alizaliwa hivyo, hawana uhakika. Wamesema si cherehani, na hilo nimeliomba kwa maandishi. Nimelibandika jikoni, usawa wa macho ya mama mkwe. Amelisoma. Siku ya tatu akaniletea chai kwenye mashine, na hajawahi kufanya hivyo tangu niolewe.

Kuhusu kifuniko chako cha sufuria: unadhani ulikiona peke yako? Mwaka jana, kabla hujaja, nilikuwa naye barabarani karibu na geti la shule, pikipiki inakuja nyuma yake. Nilimwita mpaka koo likapasuka. Dereva ndiye aliyemkwepa. Nilirudi nyumbani, nikakaa, na kesho yake nikaanza kukanyaga zile mbao kwa nguvu zaidi, ageuke, nione anageuka. Kwa hiyo uliponiandikia masikio, nilikuandikia askari. Wewe ulifunga begi, mimi nilipiga mguu. Sisi wawili tusioweza kunyamaza dakika tano kwenye simu, kitu kimoja tu kilichohitaji kusemwa ndicho tulichokinyamazia. Kaka yako nimemwambia hili. Kaondoa ile amri ya simu, anasema kelele zetu ni afadhali.

Chekechea nimekwenda na ripoti ya hospitali na barua zako. Sikumwonyesha mwalimu mkuu matusi yetu, nimemnakilia mbinu tu: amkalishe mbele, amguse kabla ya kusema, uso kwa uso, sentensi fupi, kisha angoje. Alivaa miwani akasoma yote. Akauliza hayo ya kungoja ni hadi kumi kweli, nikamwambia ndiyo, kwa mwanangu ni kumi kamili. Anaanza Septemba. Neno bado hana.

Vifaa vya kusikia amevalishwa Jumanne. Nilizima mashine zote, nikawafukuza mafundi. Kitu cha kwanza kumshtua kilikuwa mkasi wangu. Nilikata kitambaa, akauangalia mkasi, akaniangalia, akataka nikate tena. Nimekata nusu mita ya kitambaa cha mteja kwa ajili hiyo. Kisha akafungua droo, akaifunga, akaifungua. Mlango, maji ya bomba, karatasi. Alifika kwenye viatu vya baba yake akavicheka, kwa hiyo sasa wa kuvicheka tuko wawili.

Halafu nikasimama nyuma yake, pale uani kwenye saruji, nikamwita jina lake. Si Meneja, lile lake hasa, alilopewa na baba yake siku alipozaliwa. Nililisema kwa sauti ya kawaida tu. Akageuka, wifi. Lakini hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni, kisha getini, anatafuta ni nani anayeitwa.

Nimemwita jina hilo kila siku ya maisha yake na hakujua kama ni lake. Nikashuka chini, magoti yakalia, nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani kwake, nikalisema tena. Akautazama mkono. Akanitazama mdomo. Nikanyamaza, na sikuhesabu.

Njoo Desemba, na safari hii maliza siku zako zote.

Wifi yako